Shati Jeupe la Kizimbani

Kazini walimwita Taratibu. Si kwamba alikuwa mpole kupita wengine. Walimwita hivyo kwa ajili ya neno lililokuwa halimkauki mdomoni. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kutwa nzima aliketi kiti cha abiria katika gari dogo la kijivu lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, akisema: "Achia klachi taratibu. Kata kona taratibu. Taratibu, bwana, yule ni mtu, si koni!" Alifundisha wauguzi, makarani, mabibi harusi watarajiwa na wazee waliostaafu. Walipopata leseni zao walimkumbuka kwa neno hilo moja. Akiwa sokoni na kikapu chake angesikia honi kwa mbali na sauti ikiita, "Taratibu, mwalimu!" Naye angecheka, akapunga mkono, huku jicho moja likichunguza kama huyo anayemsalimu ametazama kioo cha pembeni kabla ya kuingia barabarani.

Kazi ile ilimzoeza kuona vitu vidogo: goti la mwanafunzi lililoanza kutetemeka, vidole vilivyoshika usukani kana kwamba vinamkaba mwizi. Na mazoea hayana likizo. Hata nyumbani, mbele ya televisheni, aliangalia vilevile.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mchapakazi, mtu wa watu, ila usingizi wake ulikaa karibu sana. Taarifa ya habari ikiisha na tamthilia ikianza, alikunja miguu juu ya kochi, akauliza, "Huyu naye ni nani?" na kabla hajajibiwa keshaanza kukoroma. Watoto walikuwa shule za bweni. Kwa hiyo mwenzake Taratibu wa tamthilia, kwa miaka mingi, alikuwa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, aliyekuja kukaa nao siku alipokuwa akitafuta kazi na akasahau kuondoka.

Hao wawili walikuwa na utaratibu wao. Kipindi kikiisha walihamia jikoni, dada akaosha vyombo, mdogo mtu akafuta, na hapo ndipo tamthilia yenyewe ilipoanza. "Dada, yule baba hakukasirika. Aliogopa." "Aliogopa nini, naye ndiye mwenye nyumba?" "Ndiyo maana!" Wangebishana mpaka sufuria ya mwisho inang'aa kama kioo, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Halafu yule mdogo akaoa, akapata kazi nchi ya mbali, akaenda. Mwanzoni alituma sauti ndefu kwenye simu. Baadaye zikawa fupi. Mtoto alipozaliwa, zikawa picha ya dole gumba tu. Taratibu hakumlaumu; mwenye mtoto mchanga hana nafasi hata ya kuumwa kichwa. Lakini alipoosha vyombo peke yake jikoni, kimya kilimkalia mabegani.

Tamthilia waliyoipenda iliitwa Ukuta wa Pamoja. Ilihusu familia mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja. Upande huu aliishi dada mkubwa, nesi, aliyemlea mdogo wake wa kiume tangu baba yao afariki. Upande wa pili aliishi fundi saa na mkewe. Jioni moja mdogo huyo, ambaye watazamaji walimwita Kaka tu, alirudi na gari la kuazima, akamgonga mke wa fundi saa mbele ya lango, akakimbia. Mama wa watu akavunjika nyonga. Aliyeshuhudia ni mmoja tu: dada, dirishani. Wiki baada ya wiki watazamaji waliumwa na swali lilelile. Je, ataitetea damu yake, au atasema alichokiona?

Alisema. Alisimama mahakamani, akanyoosha kidole, na nchi nzima ikaongea juu ya kidole kile.

Taratibu yeye alikuwa ameona kitu kingine. Asubuhi ya kesi, kabla ya mtu yeyote kutamka neno, kamera ilipita sebuleni na kuonyesha shati jeupe limepigwa pasi, limetundikwa nyuma ya kiti. Ni kitambo kifupi tu, kama kupepesa macho. Baadaye kaka akaonekana kizimbani, na shati lile mwilini.

"Baba watoto, umeona? Umeona shati?"

Kutoka kwenye kochi ukamjibu mkoromo.

Akamtumia mdogo wake ujumbe mrefu. Asubuhi akakuta dole gumba.

Wiki hiyo alikuwa na mwanafunzi, karani wa benki, msichana mchangamfu aliyekuwa akiongea hata anaporudi nyuma. Kusikia mwalimu wake anaipenda Ukuta wa Pamoja, nusura aache usukani. "Mwalimu, hujajiunga na kundi la mashabiki mtandaoni? Tuko maelfu! Watu wanaongea humo usiku na mchana."

"Macho barabarani," akasema Taratibu. Moyo wake lakini ulikuwa umeruka. Maelfu! Yeye alikuwa akitafuta mtu mmoja.

Mchana ule aliegesha gari pembeni mwa uwanja wa mazoezi, akafungua chombo chake cha chakula, akajiunga. Alipita posti moja baada ya nyingine akitabasamu kama mgeni aliyeingia karamuni na kukuta kila mtu anaimba wimbo anaoujua. Akaandika, akafuta, akaandika tena, hata chakula kikapoa:

"Habari zenu wapenzi wa Ukuta wa Pamoja. Mimi mgeni, nipokeeni. Naomba tuzungumze kuhusu shati jeupe. Nyumba ile ina watu wawili tu, na kaka hatujapata kumwona akishika pasi hata siku moja. Kwa hiyo nadhani aliyelipiga pasi ni dada. Kama ndivyo, alikuwa akiwaza nini? Mkono unamnyooshea mtu nguo, na mkono huohuo baada ya saa chache unamnyooshea kidole. Mimi nimeona ni upendo. Nyinyi mnaonaje?"

Akatuma, akaanza somo la saa nane na simu ikitetemeka mfukoni kama kifaranga. Kumbe wamejibu wengi! Somo likaisha asijue limeishaje. Akafungua.

"Gazeti hili bei gani?" aliandika wa kwanza.

"Timu Dada au Timu Kaka? Usituzungushe."

"Fupisha mama, tuna kazi za kufanya."

"Dawa ya kupunguza tumbo bila mazoezi, njoo inboksi."

Na mmoja aliyejiita Mbabe wa Ukuta, mwenye picha ya chui aliyevaa miwani ya jua, akamalizia: "Huyu kaja kuangalia tamthilia au kuomba kazi ya udobi?" Chini yake vikatuni vya kucheka vilijipanga kama kumbikumbi kwenye taa.

Taratibu hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Mtu anayefundisha kuondoa gari mlimani hawezi kuwa hivyo. Akawajibu mmoja mmoja, kwa adabu. Aliyesema gazeti akamwomba radhi kwa urefu. Aliyeuliza timu akamweleza kwamba hana timu, anataka tu kuelewa. Hapo ndipo alipotia petroli motoni. "Hana timu! Basi wewe ni wa timu ya jirani!" "Mtu asiye na upande ni popo." Ilipofika jioni walikuwa wamembatiza Mama Pasi, na kila alipotia neno, hata la salamu, mtu alimwekea picha ya pasi ya mkaa.

Akajaribu njia nyingine. Labda kosa ni urefu kweli. Akaandika: "Shati jeupe. Nani aliliona?" Wakacheka kuliko mwanzo.

Siku chache baadaye, akiwa amechoka na amekasirika, aliandika kitu bila kufikiri. Mke wa fundi saa alikuwa ameonekana hospitalini kitandani na nywele mpya kichwani, basi Taratibu akaandika: "Huyu mama ana mawigi mengi kuliko saa za mumewe." Akaiweka simu, akaenda kuoga. Aliporudi alikuta mambo makubwa. Watu walipenda, wakasambaza, wakamsifu. "Mama Pasi umeua!" "Kumbe una moto, ulikuwa unatuficha!" Hata Mbabe wa Ukuta akampigia makofi. Na tuseme ukweli: alifurahi. Alilala akitabasamu gizani. Asubuhi akawaza kijembe kingine, na mchana kingine. Kwa wiki mbili hivi Mama Pasi alikuwa malkia wa kundi.

Ila kitu kikaanza kumsumbua. Jioni moja aliangalia kipindi kizima akiwinda cha kuchekea, na kilipoisha akagundua hakumbuki kilichotokea. Alikumbuka viatu vya hakimu, kwamba vilikuwa vimepinda visigino. Basi. Nesi alikuwa amelia au hakulia? Hakujua.

Na ulimi ukizoea, hauchagui mahali. Alikuwa na mwanafunzi mwingine, mzee aliyestaafu posta, aliyejifunza gari uzeeni ili aweze kumpeleka mkewe kliniki bila kusumbua majirani. Alikuwa mzito kidogo, lakini msikivu. Siku hiyo gari lilimzimikia njia panda mara ya tatu, nyuma honi zinalia, na Taratibu akajisikia akisema: "Mzee, gari si barua. Huwezi kulibandika stempu likaenda lenyewe."

Mzee hakucheka. Aliwasha gari, akavuka njia panda vizuri kabisa, akawasha taa ya pembeni, akaegesha. Ndipo akasema bila kugeuka: "Mwalimu, mimi nimekaa dirishani maisha yangu yote nikisikia maneno ya watu waliochoka na foleni. Nimeyazoea. Nilikuja kwako kwa sababu waliniambia wewe huna maneno hayo."

Taratibu alitamani mkanda wa kiti umfunike uso. "Mzee wangu, nisamehe. Nimekosa."

"Yamekwisha. Niendelee na gia ya kwanza?"

"Endelea, Mzee. Taratibu."

Jioni ile alifuta vijembe vyake vyote kwenye kundi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeokota miiba aliyoimwaga mwenyewe njiani. Alipomaliza alijiambia: basi, nitajenga pangu. Akafungua kundi jipya, akaliita Watazamaji wa Taratibu, akaweka sharti moja tu juu kabisa: matusi na dhihaka marufuku. Akaalika wanafunzi wake wa zamani, akaalika mashemeji, akaalika karani wa benki na marafiki zake. Wakaja wengi wa kutosha.

Hapakuwa na matusi hata moja. Hapakuwa na kitu kingine pia. Asubuhi mtu alituma picha ya waridi: Amkeni salama. Mwingine akajibu kwa waridi kubwa zaidi. Shemeji yake mmoja akatuma dua ndefu ya safari ingawa hakuna aliyekuwa akisafiri. Taratibu aliuliza kuhusu shati, wakamjibu: "Swali zuri sana mwalimu." "Umenena, mama." "Ubarikiwe." Na waridi.

"Sasa hawa nao," alimwambia mumewe walipokuwa wakila, "wale wa kule wananitukana, hawa wa huku wananipamba. Wa kuniambia nimekosea sina."

Mumewe alitafuna, akafikiri. "Mimi naweza kukuambia umekosea."

"Wewe unalala!"

"Nalala, ndiyo," akakubali, akaomba chumvi.

Ujumbe ulimfikia mchana wa siku nyingine, gari likiwa kivulini. Uliingia inboksi, si kwenye kundi. Mwenye kuutuma: Mbabe wa Ukuta, chui na miwani yake. Kidole cha Taratibu kilikuwa tayari kumfungia mlango. Lakini mstari wa kwanza ulimzuia.

"Mama Pasi, shikamoo. Nimeisoma ile posti yako ya shati zaidi ya mara moja. Umekosea."

Akaketi wima.

"Ule si upendo," chui aliendelea. "Dada yule muda wote anaogopa watu watasema nini. Kumbuka alivyosafisha kibaraza siku polisi walipokuja, kabla hata ya kuwafungulia. Alipiga pasi ili familia isiaibike mbele ya mahakama. Alimpigia pasi jirani, si mdogo wake. Nisamehe kwa urefu."

Taratibu alisoma, akasoma tena. Kwanza alikasirika. Halafu akahisi kitu alichokuwa amekisahau, kama mtu aliyezoea kutembea na kiatu chenye kijiwe na kijiwe kimetoka. Kibaraza! Yeye alikiona kibaraza kile akakipita. Akaandika kwa vidole viwili, haraka: "Marahaba. Kibaraza nakupa, ni kweli. Lakini mtu wa kuogopa aibu angenyamaza mahakamani. Aibu kubwa kuliko kumtaja ndugu yako ni ipi?"

"Aibu ya kujulikana alikuwa dirishani akanyamaza."

"Nani angejua?"

"Yeye."

Hapo Taratibu akacheka peke yake garini, mpaka mtu aliyekuwa akipanga koni uwanjani akageuka kumtazama. Akauliza swali lililomkereketa: "Sasa wewe, kama unajua kufikiri hivi, kwa nini kule ulinirushia mambo ya udobi?"

Jibu likaja refu. Alikuwa muuza viatu, alieleza, kijana wa dukani anayeshinda kutwa akisubiri mteja. Kundini alijiunga kwa ajili ya kuipenda tamthilia, kama yeye. Siku za mwanzo naye aliandika mawazo yake, wakamcheka. Akaona afadhali awe mchekaji kuliko mchekwa. "Ukishajiita Mbabe, huwezi tena kuuliza swali. Mbabe haulizi."

"Mimi pia niliingia humo humo," Taratibu akamjibu. "Uliyaona mawigi."

"Mawigi yalikuwa mazuri, lakini," akaandika, na Taratibu hakuweza kukataa.

Wakabishana siku nyingi, yeye katikati ya masomo, kijana katikati ya wateja. Kijana alimwita Mama, yeye akamwita Mwanangu. Wakati mwingine neno lilikatika nusu: "Ngoja, kaja mtu wa namba arobaini na tatu." Nyumbani, mumewe akaanza kuona mke wake anatabasamia simu huku mboga inaungua. Siku tatu alivumilia. Ya nne akauliza, kwa ile sauti ya mtu asiyejali hata kidogo: "Huyo chui wa miwani ni nani, mama watoto?"

"Ni kijana muuza viatu. Tunagombana."

"Mnagombana na unacheka?"

"Njoo usome."

Akaja, akajifuta mikono, akasoma toka juu hadi chini, midomo ikicheza. Taratibu alisubiri aseme "haya" na kurudi kwenye kochi. Badala yake alikuna kidevu.

"Nyote wawili mmekosa," alisema. "Shati lile si la yule kaka."

"Ati nini?"

"Ni la baba yao. Juu ya friji yao kuna picha ya marehemu. Amevaa shati jeupe la mifuko miwili, hii mikubwa ya kizamani yenye vifuniko. Na lile la kizimbani lina mifuko miwili. Tena limemvuka mabega, linaning'inia. Kijana yule nguo zake nyingine zote zinambana."

"Baba watoto, wewe umeiona wapi picha hiyo, na kila siku unalala?"

Akaonekana kuona haya. "Mimi naangalia friji. Mlango wake haufungi vizuri tangu tamthilia ianze, mpira umechoka, na hakuna mtu katika nyumba ile anayejali. Inaniuma. Kila wakionyesha jikoni nafumbua macho nione kama wametengeneza. Sasa picha iko juu ya friji. Na pale kizimbani hupaonyesha tena kila kipindi kikianza, kabla sijasinzia."

Walikitafuta kipindi kile kwenye simu, vichwa viwili vimegusana, wakakisimamisha kizimbani. Mifuko miwili, yenye vifuniko. Taratibu aligeuka akamtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. Akampiga begani. "Ulikuwa na hili ndani ukanyamaza!"

"Hukuniuliza. Uliniuliza 'umeona shati?' nami nilikuwa nimelala. Ungeuliza kuhusu friji…"

Alipomwandikia muuza viatu habari ya mifuko, kijana alituma neno moja: "Mungu wangu." Na baada yake yakaja maswali kama mvua. Kwa nini shati la baba? Anampeleka na baba ili asisimame peke yake? Au anamwambia, tazama umelivalia wapi shati la baba? Usiku ule mawazo ya Taratibu yaliegemea la kwanza. Asubuhi, akipiga mswaki, yakaegemea la pili.

"Mwanangu," alimwandikia, "haya hayafai kubaki inboksi. Yapeleke kundini."

"Watanichinja, Mama."

"Watakucheka. Kuchinja ni kitu kingine."

Hakujibu siku ile wala ya pili yake. Ya tatu, Mbabe wa Ukuta aliondoa picha ya chui, akaweka ya kwake mwenyewe, kijana mwembamba aliyesimama mbele ya rafu ya raba. Akaweka picha mbili kandokando, baba juu ya friji na mwana kizimbani, akaandika chini: "Shati hili ni la nani, na kwa nini yeye ndiye aliyelivaa? Mama Pasi aliuliza zamani, tukamcheka, nami nikiwa wa kwanza. Nataka kusikia mnavyofikiri. Asiye na la kufikiri apite salama."

Walicheka, bila shaka. "Mbabe kawa kondoo!" "Dobi wa pili huyo." Muuza dawa ya tumbo naye alipita na dawa yake. Lakini katikati ya kelele, kama mbegu zilizoota penye changarawe, yakatokea mengine. Mwanamke mmoja, mshona mapazia, aliandika kwamba aliiona mifuko ile akaona haya kusema. Mwanamume mmoja, mlinzi wa ghala, alisema wote wanasahau kitu: kaka alikubali kulivaa. Angeweza kukataa. "Hilo," aliandika, "ndilo ungamo lake." Taratibu alisoma sentensi hiyo akiwa na mwanafunzi garini na ikabidi amwombe radhi mwanafunzi, asimame kidogo, ashushe kioo apate hewa. Kaka alikubali kulivaa! Wote hawa walikuwapo humo siku zote, kumbe, wamejikunyata pembeni kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Wakajikusanya kwenye kundi dogo: yeye, muuza viatu, mshona mapazia, mlinzi, na wengine wawili watatu. Fundi wa friji aliingizwa pia, akaandika ujumbe wake wa kwanza kwa kidole kimoja chenye grisi: "Mpira wa mlango bado." Hawakuweka sharti la adabu, kwani Taratibu alikuwa amejifunza kwamba adabu pekee huzaa waridi. Waliweka masharti mawili mengine. La kwanza, kipindi kikiisha usiseme kitu mpaka ukilalie usiku mmoja. La pili, ukitaka kumpinga mtu, kwanza sema alichosema, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho. Sharti la pili lilikuwa wazo la mlinzi, na liliwatesa. Mara nyingi mtu alianza kumweleza mwenzake ili ampinge, akafika nusu na kukuta keshakubaliana naye.

Si kwamba mambo yalinyooka. Mshona mapazia aliondoka kwa hasira siku muuza viatu alipomwambia analia ovyo kwa ajili ya yule kaka. Kule kwenye maelfu hakuna ambaye angegundua. Huku pengo lake lilionekana siku hiyohiyo, na Taratibu akampigia simu. Hawakuwahi kusikiana sauti.

"Mimi silii ovyo," alisema mshona mapazia badala ya salamu. "Yule kijana hana mtoto, ndiyo maana. Ngoja amzae mtu ndipo ataona."

"Mwambie hivyo hivyo. Mwambie mbele yetu."

"Ataudhika."

"Audhike. Wewe umeudhika na uko hai."

Upande wa pili pakasikika kicheko kidogo. Akarudi jioni, akasema lake, na kijana akachukua siku nzima kabla ya kujibu kwamba hakuwa amefikiria upande huo.

Mdogo wake Taratibu alisikia habari za kundi kutoka kwa shemeji yake, akaja juu: "Dada, mnafungua baraza la tamthilia na mimi hamniiti?" Alipoingizwa alituma sauti ndefu, mtoto akilia nyuma, mkewe akicheka, yeye akipandisha sauti juu ya kilio kueleza kwa nini wote wamekosea kuhusu fundi saa. Taratibu aliisikiliza jikoni, mikono ndani ya povu, na alipoinua macho alimkuta mumewe amesimama na kitambaa, anafuta sahani, anatikisa kichwa.

"Sikubaliani naye," alisema.

"Sema."

Akasema.

Tamthilia ilipofika mwisho wa msimu na kutangaza mapumziko, kundi kubwa liligeukia tamthilia nyingine na kuanza timu mpya. Kundi dogo halikutawanyika. Walianza kuirudia Ukuta wa Pamoja tangu kipindi cha kwanza, polepole, kimoja kwa wiki. Karani wa benki, ambaye siku hizi ana leseni na bado anaongea akirudi nyuma, aliomba kuingia, akakaa kimya wiki kadhaa hata wakadhani amechoka nao. Halafu asubuhi moja, Taratibu akiwa uwanjani anapanga koni kwa ajili ya somo la kwanza, simu ikatetemeka. Karani alikuwa ameandika:

"Samahani kama ni swali la kijinga. Mbona tangu mwanzo hatujawahi kuonyeshwa chumba anacholala dada?"

Taratibu alisimama na koni mkononi. Akajaribu kukumbuka jiko, sebule, kibaraza, ua, chumba cha kaka chenye mabango ukutani. Kweli. Mwanamke yule hakuwa na mlango wake popote katika nyumba ile. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa amekwisha kuketi kwenye usukani, amefunga mkanda, anamngoja. Taratibu akaandika, "Si la kijinga hata kidogo. Nipeni mpaka kesho," akaweka koni ya mwisho mahali pake, akapanda gari.

"Haya, bwana," alimwambia mwanafunzi. "Washa."